Mtungi wa Maji na Gorogoro la Saruji: Namna Wazee Wanavyopiga Chuma Kulinda Mifupa

Mtu akishapita miaka hamsini, watoto wake huanza kumpokonya mizigo. Mtungi unabebwa na mjukuu, unga unaletwa na boda hadi mlangoni, sokoni Kibuye anaenda kwa tuktuk na kurudi kwa tuktuk. Ni heshima, na hata mimi ningemkaripia kijana anayemtazama dani, yaani nyanya yake, akihangaika na gunia. Lakini mfupa usiobebeshwa kitu hupunguzwa na mwili wenyewe, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hupunguzwa haraka.

Nina jimu ya mabati hapa Nyalenda, si mbali na Ring Road. Jioni ni ya vijana wanaotaka kifua. Asubuhi, kabla jua la Kisumu halijaanza kuchoma mabati, ni ya wazee: akina mama wengi, na wanaume wachache ambao husema wamewasindikiza tu wake zao, kisha nikigeuka nawakuta wameshika vyuma. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha, na unaweza kuyafanya uani kwako bila kunilipa chochote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nimebeba maji na kuni tangu nikiwa msichana, chuma cha nini tena? Kwanza, ulibeba. Je, bado unabeba? Wengi wanaoniuliza wana mfereji uani. Pili, mfupa huitikia mzigo uliozidi ule uliouzoea. Mtungi uleule, njia ileile, mwaka nenda mwaka rudi, utakusaidia usipoteze sana, lakini kuongeza hauongezi. Daktari mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, aliandika habari hii mwaka 1892: mfupa hujiunda kulingana na mzigo unaoubeba. Ukitaka kuona kinyume chake, waangalie wanaanga. Kule juu mwili hauna uzito, na wasipofanya mazoezi maalum, mifupa ya nyonga zao hupungua kama asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Ndiyo maana wamepelekewa mashine ya kupigia chuma hukohuko angani.

Ndani ya mfupa mna chembe za aina mbili, na mimi huwaeleza wazee kwamba ni mafundi: kundi moja linabomoa ukuta wa zamani, jingine linajenga mpya, kazi haikomi. Hadi miaka 30 hivi wajenzi wako mbele. Baadaye wabomoaji huanza kuwapita polepole. Kwa wanawake, homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa inawazuia wabomoaji. Hedhi ikikoma, kizuizi kimeondoka, na mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza. Wanaume nao hupoteza, ila wanachelewa. Hakuna maumivu. Mtu hajui lolote mpaka ateleze bafuni avunjike nyonga, au ajikinge kwa kiganja avunjike kifundo cha mkono. Wengine pingili za mgongo hubonyea kidogo kidogo, mtu anafupika, anapinda, na nyumbani wanasema ni uzee tu.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa presha, usiache. Kwa mfupa, kunasaidia kidogo tu. Baiskeli na kuogelea husaidia hata chini ya hapo, kwa sababu mwili umebebwa.

Nani aanzie kwa daktari

Kama umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, kama umefupika kwa sentimita nne au zaidi tangu ujana wako, kama umetumia dawa za steroidi kama prednisolone kwa miezi mingi, kama presha yako haijatulia au una ugonjwa wa moyo au ngiri, anzia kwa daktari au mtu wa fizio. Hapa Kisumu wengi huenda Rasia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Kuna kipimo cha uzito wa mfupa kinachoitwa DXA. Majibu yake huja kwa namba: kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa myepesi na rahisi kuvunjika, na kati ya -1 na -2.5 ni mfupa ulioanza kupungua. Hakipatikani kila mahali wala si bei ya kila mtu, kwa hiyo kama huna dalili nilizotaja, usikingoje ndipo uanze. Aliyekwisha kuambiwa ana osteoporosisi anaweza kubeba uzito, ila aanze chini ya macho ya mtaalamu. Asifanye zoezi lolote la kukunja mgongo kwenda mbele au kuuzungusha akiwa na mzigo. Zile sit-apu za kulala chali na kukunja tumbo aziache kabisa. Na kama ameandikiwa dawa, chuma hakichukui nafasi ya dawa.

Vifaa

Usinunue chochote kwanza. Mtungi wa lita tano au kumi ndio mzani bora uliowahi kuwa nyumbani kwako, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Unataka kilo nne? Lita nne. Wiki ijayo ongeza kikombe. Jimu nyingi za mjini hazina vyuma vinavyopanda nusu kilo nusu kilo hivyo. Ubaya wa maji ni kwamba mtungi ambao haujajaa hucheza mkononi, na mzigo unaocheza humyumbisha mtu mzima. Ukishazoea, tia mchanga mkavu. Mtungi wa lita tano uliojaa mchanga hukaribia kilo 8, wa lita kumi kilo 16. Ule wa lita ishirini ukiujaza mchanga unapita kilo 30, na humo ndimo watu wanamoumia, kwa sababu macho yanaona mtungi uleule wa maji.

Kwa zoezi la kukumbatia mzigo, chukua begi la shule la mjukuu uweke pakiti za unga wa ugali. Kila pakiti ni kilo 2, hesabu imekwisha.

Anayetaka chuma cha kudumu atengeneze. Tafuta gorogoro mbili kuukuu, yale makopo ya kupimia nafaka, na kipande cha paipu ya maji ya inchi moja, urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko na nusu yake tena. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke misumari miwili ya msalaba kila mwisho wa paipu. Bila hiyo, saruji itaachia siku moja na kopo litakuangukia mguuni. Changanya saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, maji kidogo tu, mchanganyiko uwe mzito. Shindilia kwenye kopo, simamisha paipu katikati, kisha gongagonga kopo kwa nje na kipande cha mbao mpaka povu liache kutoka. Wengi huharakisha hapo, na matokeo yake ni chuma chenye mashimo kinachomeguka. Kesho yake geuza, ujaze upande wa pili. Funika kwa gunia lililoloweshwa na ulimwagilie maji kila siku kwa wiki nzima. Saruji iliyokauka kwa jua la hapa bila kumwagiliwa hupasuka. Kila gorogoro hutoka na kilo 5 hivi, lakini peleka kwa mwenye duka la nafaka akupimie, halafu uandike kilo kwa rangi. Kubahatisha uzito ndiko kunakofanya mtu abaki palepale mwaka mzima akidhani anapanda.

Mavazi. Dera ni vazi zuri, ila pindo lake huingia chini ya kisigino unapoinuka, na nimeona mtu akijivuta nalo hadi sakafuni. Lipandishe ulifunge kwa leso kiunoni, au vaa suruali ya trakisuti chini yake. Patipati (ndala) hapana. Ni raba, au miguu mitupu kwenye sakafu kavu.

Mazoezi yenyewe

Anza na kukaa na kusimama. Kiti kiwe cha mbao, kimeegemezwa ukutani. Cha plastiki hufunguka miguu, na sofa ni la chini mno. Kaa ukingoni, miguu upana wa mabega, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudi taratibu mpaka makalio yaguse tu, usijitupe. Hapo kwenye kurudi ndipo msuli unapofanya kazi. Ukifikisha mara kumi bila shida, kumbatia begi la unga kifuani. Goti linalolia kidogo si sababu ya kuacha; goti linalochoma kwa ncha, panda juu kidogo kwa kuweka mto mgumu kitini.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote: kuinua kutoka chini. Linashika nyonga, mapaja na mgongo wote kwa mpigo, na nyonga na mgongo ndiko mivunjiko mibaya inakotokea. Siri yake ni kukunja nyonga, si mgongo. Chukua mti wa ufagio, uweke nyuma kando ya uti wa mgongo, uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na makalio. Sasa sukuma makalio nyuma, kana kwamba unafunga mlango wa gari kwa nyuma ukiwa umeshika mizigo. Mti ukiachia mahali popote kati ya hapo patatu, mgongo umepinda, rudi juu. Akina mama waliopalilia maisha yao yote hulipata siku ya kwanza. Wanaohangaika ni walimu wastaafu na watu wa ofisi, ambao hujikunja kuanzia shingoni.

Ukishalipata bila mzigo, weka mtungi juu ya matofali mawili ili usiende chini sana. Simama, mtungi uwe katikati ya miguu yako, karibu na mifupa ya ugoko. Kunja nyonga, legeza magoti, shika. Kabla ya kuinua, nyoosha mikono mpaka usikie mtungi unakaribia kuondoka, kaza tumbo, ndipo usukume ardhi kwa miguu. Usiunyakue. Mtungi upande ukikwaruza karibu na miguu. Ukienda mbele hata kwa upana wa kiganja, mzigo wote unahamia kiunoni. Juu simama wima, usijipinde nyuma kwa mbwembwe. Shuka kwa njia uliyopandia. Wazee wengi huinua vizuri halafu huuachia mgongo wakati wa kushusha, kwa kuwa akili imeshahesabu kwamba kazi imekwisha.

La tatu, kusukuma juu: ukiwa umekaa au umesimama, inua mitungi midogo miwili kutoka mabegani mpaka mikono inyooke. Bega lisilopanda usilipiganishe, sukuma ukuta badala yake. La nne, kuvuta: mkono mmoja mezani, mgongo umenyooka, mkono mwingine unavuta mtungi kuelekea mbavuni. Hilo ndilo linalowapunguzia wazee kuinama mabega.

La tano ni kubeba tu. Mtungi kila mkono, kifua juu, tembea urefu wa uwanja na kurudi. Beba na upande mmoja pia, kisha ubadilishe.

Mwisho ni visigino. Shika meza, panda juu ya vidole, kisha achia mwili ushuke kwenye visigino kwa kishindo kidogo, mara kumi au ishirini. Mshtuko mdogo kama huo ni chakula cha mfupa wa nyonga. Kurukaruka ni kwa yule ambaye mifupa yake bado mizima, na hata huyo aanze kwa kidogo. Halafu simama kwa mguu mmoja jikoni ukisubiri maji ya ugali yachemke, mkono karibu na meza. Asiyeanguka havunjiki nyonga kirahisi, hata kama mifupa yake si mizuri sana.

Kilo ngapi, mara ngapi

Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, nusu saa hadi dakika arobaini. Nani aliwaambia wazee wainue chupa ya maji ya nusu lita huku wamekaa na redio imewashwa? Mama huyohuyo akitoka hapo anambeba mjukuu wa kilo 12 mgongoni. Chupa ile haimwambii mfupa kitu.

Mwezi wa kwanza ni wa kujifunza, na uzito uwe mdogo: seti mbili za mara kumi kila zoezi, yaani unarudia mara kumi, unapumzika, unarudia kumi tena. Ukishakuwa na mtindo, panda mpaka seti tatu za mara nane, uzito ambao mara mbili za mwisho zinakufanya ukunje uso lakini mgongo bado umenyooka. Siku utakayojikuta ungeweza kuongeza mara mbili juu ya hizo, ongeza uzito: nusu kilo au kilo kwa mikono, kilo mbili kwa kuinua kutoka chini. Kwa aliyejizoeza miezi kadhaa na ana mtu wa kumtazama, naenda mpaka seti tano za mara tano, uzito mkubwa kweli. Chuo Kikuu cha Griffith kule Queensland, Australia, kilijaribu hivyo kwa wanawake 101 wa miaka 58 na kuendelea, wenye mifupa iliyopungua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilibeba zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wao, nusu saa, mara mbili kwa wiki, chini ya msimamizi. Jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Baada ya miezi 8, mfupa wa kiuno wa waliobeba uzito ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 2.9, wa wenzao ulishuka kwa asilimia 1.2.

Kati ya seti na seti pumzika dakika mbili kamili. Kwangu habari zote za mtaa hupitia katika dakika hizo, na mimi nanyamaza, sitaki kuitwa shahidi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha, usiizuie hata kidogo: kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Siku ambayo kichwa kinazunguka au kifua kinabana, keti, na ukapimwe.

Misuli kuuma siku mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu ya ncha mgongoni ambayo hayakuwapo jana si kawaida, hasa kwa mtu mwenye mifupa myepesi. Hapo usijikande kwa dawa ya mafuta ukaendelea, nenda ukaonwe. Na usitazamie mfupa ubadilike upesi. Mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga huchukua miezi kadhaa, hivyo kipimo cha DXA hakiwezi kuonyesha kitu cha maana kabla ya mwaka kupita. Utakachokiona mapema ni nguvu: utashuka kwenye matatu bila kushikwa mkono.

Sahani

Hapa ziwani tumebahatika, tuna omena. Samaki huyu huliwa na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa au mala kina kama 300. Sukuma wiki hutoa kalsiamu ambayo mwili unaipokea vizuri. Terere (mchicha) nayo inayo, ila ina asidi inayoishikilia kalsiamu isiingie yote, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Protini je? Wazee wengi huishia chai na mkate jioni, halafu wananiuliza kwa nini chuma hakipandi. Mayai, maharagwe, ndengu, samaki, kila siku kitu kimoja angalau. Jua la ngozi hutengeneza vitamini D, na anayeshinda ndani ya duka kutwa aseme na daktari. Sigara humaliza mfupa, na chang'aa humaliza mfupa na kumwangusha mwenye mfupa.

Kilichobaki ni safari za nyumbani. Matanga yakitokea, mtu anapotea wiki mbili, wakati mwingine tatu, analala vibaya na kula saa zozote. Akirudi anataka kuanzia pale alipoachia, mbele ya wenzake. Simruhusu. Tunapunguza theluthi moja ya uzito, siku mbili za kwanza za mazoezi ni seti mbili tu, na kwa kawaida baada ya wiki mbili amerudi pale alipokuwa. Wa Desemba, wanaokwenda mashambani mwezi mzima, nawaambia wabebe mtungi mmoja mtupu kwenye matatu. Haulipiwi nauli, na mchanga uko kila boma.